Mwanagenzi na Msimbo wa Mwenziwe

Iko itikadi iliyokwisha kuota mizizi miongoni mwa walimu wa kompyuta, wazazi, na hata vijana wenyewe, kuanzia Kisumu hadi ufuo wa Muhuru Bay, ya kwamba mwanagenzi wa uandishi wa programu hana ruhusa ya kugusa msimbo wa mtu mwingine mpaka kwanza awe ameandika wake. Kwamba kuuteremsha msimbo chanzo ulioandikwa na mgeni, kuupitisha katika kompaila na kupata programu inayotembea, ni kula jasho la mwenzio. Na kwamba mtoto aliyefanya hivyo hakujifunza lolote ila kunakili amri asizozijua maana. Nimeisikia itikadi hii ikisemwa kwa upole na nimeisikia ikisemwa kwa ukali, na kila niisikiapo hunitia huzuni, maana aghalabu waisemao ni watu wema wanaowatakia vijana wetu kheri, na kheri hiyo hiyo ndiyo waizuiayo. Nakusudia kuipinga waziwazi, kwa kuwa naamini kinyume chake: mwanagenzi apaswa kuanza na msimbo wa mwenziwe, aujenge kwa mikono yake, umvunjikie mbele ya macho yake na autengeneze, kabla hajajaribu kutunga kitu kipya.

Kwa msomaji ambaye si mtu wa kazi hii, yafaa nieleze kwanza jambo lenyewe. Programu nyingi zina sura mbili. Sura ya kwanza ni maandishi ambayo binadamu aweza kuyasoma, yenye amri, masharti na maelezo ya pembeni, nayo ndiyo huitwa msimbo chanzo. Sura ya pili ni mfululizo wa tarakimu ambao mashine huutii, na ambao ni mabingwa wachache mno wawezao kuufumbua. Kompaila ndiyo huitoa sura ya pili katika ya kwanza: huyapitia maandishi, huyakagua sarufi yake, huyageuza kuwa lugha ya mashine, kisha vipande vilivyotawanyika katika mafaili mengi, pamoja na maktaba zilizoandikwa na watu ambao pengine hawajuani, huungwa vikawa kitu kimoja. Mtu anunuaye simu au kompyuta hukabidhiwa sura ya pili tu, na aweza kuitumia miaka thelathini asijue kwamba sura ya kwanza ilipata kuwako.

Sasa nimchukue msomaji hadi Muhuru Bay, katika Nyatike, pale Ziwa Victoria liingiapo nchi kavu karibu na mpaka wa Tanzania, ambako asubuhi dagaa waitwao omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini na mashua zilizorudi usiku hukokotwa mchangani. Kando ya mashua hizo, aghalabu chini ya mti, utamkuta fundi pamoja na kijana wake, na ukiwatazama kwa saa moja utaona kwamba kijana hajapewa mbao mpya hata moja. Amepewa mashua kuukuu ya mtu mwingine, iliyoundwa na fundi mwingine, labda katika ufuo mwingine. Anang'oa ubao uliooza, anachokonoa pamba ya zamani katika maungo, anatia pamba mpya na kuishindilia kwa patasi, yaani anakalafati, kama wasemavyo watu wa pwani ya bahari. Nilimwuliza fundi mmoja sababu ya kumwanzisha kijana na kazi ya wenyewe, akanieleza kwamba chombo kipya hakionyeshi maji hupita wapi, ila kilichokwisha kuvuja. Wala sijamsikia mzazi yeyote katika ufuo ule akimkaripia mwanawe kwa kuwa mashua anayoikalafati hakuiunda yeye.

Itikadi niipingayo ingemtaka kijana yule aanze kwa kuunda mashua yake ndogo ya kuchezea, akishamaliza aunde nyingine kubwa kidogo, na asiitie mkono mashua ya kweli mpaka awe bingwa. Ndivyo hasa tuwafundishavyo vijana programu. Huandika zoezi la kujumlisha namba mbili, kisha zoezi la kupanga majina kwa abjadi, kisha zoezi la kikokotoo, na kila zoezi huwa faili moja lenye mistari isiyozidi ukurasa, lisilotegemea kitu chochote na lisilotumiwa na mtu yeyote. Mwanafunzi humaliza miaka miwili akiijua lugha ya programu kama mtu aijuavyo sarufi ya lugha asiyopata kuisikia ikisemwa sokoni. Siku atakapokabidhiwa programu ya kweli, yenye mafaili mia tatu na maktaba kumi na mbili za kuitegemeza, atasimama mbele yake kama aliyefikishwa katika mji asioujua njia zake, naye atadhani kwamba akili yake ndiyo iliyopungua, ilhali kilichopungua ni mazoea ambayo hakuna aliyempa.

Msimu mmoja wa kufungwa kwa omena, kati ya Aprili 1 na Julai 31, wakati sheria ya Kenya huwakataza wavuvi kuwavua samaki hao ili wazaane, na vijana wengi wa ufuo hukosa kazi ya usiku, nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa na kompyuta kuukuu iliyotiwa mfumo wa Linux. Nilimpa furushi la msimbo wa programu iitwayo GNU Hello, ambayo kazi yake yote ni kuandika salamu moja kwenye kioo, lakini iliyotungwa kwa makusudi kuwa kielelezo cha jinsi programu huria ya kweli ipaswavyo kupangwa, yenye faili la maelezo, maagizo ya ujenzi, tafsiri za salamu katika lugha nyingi na majaribio ya kuikagua. Nilimwambia aijenge, nami nikanyamaza.

Jaribio la kwanza lilikoma mara moja, maana mashine ilimjibu kwamba hakuna kompaila ya lugha ya C iliyoonekana ndani yake, naye akadhani furushi ni bovu. Ilimchukua jioni nzima kutambua kwamba lawama haikuwa ya furushi, na kwamba chombo cha kujengea ni kitu mbali na kitu kinachojengwa. Alipokwisha kuitia kompaila na kuijenga programu, salamu ikatokea, akafurahi. Kesho yake nikamwomba abadilishe salamu iwe ya nyumbani kwao. Akalifungua faili la msimbo, akaitafuta ile sentensi kwa subira, akaifuta na kuandika “Oyawore”, kisha akaiendesha programu, ikamsalimu kwa Kiingereza kama jana. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akainua kichwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo, kwamba alikuwa ameyabadili maandishi lakini hajayajenga upya, na kwamba programu aliyokuwa akiiendesha bado ilikuwa ya jana.

Nauliza: ni zoezi gani la kujumlisha namba mbili ambalo lingemfundisha hilo kwa nguvu kiasi hicho? Alijenga upya, “Oyawore” ikatokea. Akaamrisha majaribio ya ukaguzi yaendeshwe, na jaribio moja likaanguka, kwa kuwa lilikuwa likitarajia salamu ya asili. Bila ya mtu kumhutubia akajua kwamba programu ya watu makini hubeba ndani yake mashahidi wa kuilinda, na kwamba abadilishaye kitu kimoja huwajibika kwa vingine asivyoviona. Hayo yote yalipatikana kwa siku tatu, katika msimbo ambao hakuandika ndani yake ila neno moja.

Wapinzani husema kwamba makosa kama hayo humvunja mwanagenzi moyo, na kwamba ni rehema kumwepusha nayo. Nalikubali neno lao kwa sehemu moja tu, kwamba maneno ya kompaila ni makavu na mengi, na mtoto akimwagiwa makosa mia mbili kwa mara moja huenda akafunga mashine. Lakini dawa yake ni ndogo, nayo yaweza kufundishwa kwa dakika moja: lisome kosa la kwanza, uyaache yaliyobaki. Nukta-mkato moja iliyosahaulika katika mstari wa juu huweza kuzaa malalamiko mia chini yake, na ukiirudisha yote hutoweka. Tena kompaila ni mwalimu mwadilifu kuliko wengi wetu, maana hutaja faili, mstari, na mara nyingi hata herufi penye kasoro, wala hamcheki mwanafunzi mbele ya wenziwe. Faili la vichwa likikosekana, husema halipo. Jina likiitwa na maana yake isipatikane katika maktaba yoyote, kosa huja mwishoni, wakati wa kuunganisha, na kwa kutofautisha makosa haya mawili mwanafunzi hupata kujua hatua za ujenzi kuliko kwa kukariri michoro ubaoni. Kumwepusha na hayo ni kama kumfundisha mtoto kuogelea mchangani kwa kuwa maji yana mawimbi.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nami sitaipita mbio. Walimu wa Kenya wanajua vema kwamba katika mtihani wa KCSE, somo la kompyuta lina karatasi ya mradi, na kwamba wako wanafunzi wanunuao mradi uliokwisha andikwa, wakautia majina yao na kuuwasilisha. Mwalimu aliyeyaona hayo kwa miaka kumi hawezi kulaumiwa akilisikia neno “msimbo wa mtu mwingine” na moyo wake ukashtuka. Lakini tazama kwa makini kinachotendeka: mnunuzi wa mradi huficha jina la mwandishi, na huomba kwa Mungu asiulizwe swali hata moja juu ya kilichomo ndani. Mwanagenzi ajengaye msimbo wa mwenziwe huliacha jina la mwandishi mahali pake, husoma sharti la leseni lililoambatishwa na msimbo, na furaha yake yote ni kuulizwa. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja la wizi ni kuchanganya mwizi wa kitabu na msomaji wa kitabu, kwa sababu wote wawili wameonekana wamekishika.

Na hilo sharti lililoambatishwa lina historia ambayo wanafunzi wetu wangepaswa kuijua kama wajuavyo tarehe za uhuru. Mwaka 1983 mwandishi wa programu wa Marekani, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo mtu yeyote aweza kuziendesha, kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1987 akatoa kompaila yake, GCC, ambayo hata leo hutumika duniani kote. Na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayomruhusu msomaji mambo hayo yote kwa sharti kwamba akiigawa programu, ameibadili au hakuibadili, awape wapokeaji haki ile ile aliyopewa yeye. Wazee wetu wa elimu ya dini walilijua jambo la namna hii kabla ya kompyuta kuwako. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu mbele ya shekhe wake akakihitimu alipewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha wengine, na ndani ya ijaza yalitajwa majina ya waliotangulia, fulani kutoka kwa fulani. Hakuna aliyesema kwamba mwenye ijaza ameiba kitabu cha shekhe. Leseni huria ni ijaza iliyotolewa kwa ulimwengu mzima, na kumkataza kijana wa Nyatike asiitumie, ilhali aliyeandika amekwisha kumpa idhini kwa maandishi, ni kumnyima zawadi ambayo si yetu kuizuia.

Utamaduni wa Waswahili nao unashuhudia. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, na katika uzee wake aliwanakilia wataalamu kama William Hichens na Ernst Dammann tendi za kale kwa hati yake nzuri ya Kiarabu. Tunamheshimu kwa mashairi yake na tunamheshimu kwa kunakili kwake, na sioni jinsi mkono uliopitia maelfu ya beti za wengine ungalitoka humo bila kuongeza ustadi. Na katika taaluma ya kompyuta yenyewe kuna kisa kinachojulikana sana. Mwaka 1976 mwalimu mmoja wa Australia, John Lions, wa Chuo Kikuu cha New South Wales, aliwapigia chapa wanafunzi wake msimbo wa kiini cha mfumo wa Unix, mistari ipatayo 9,000, akauandikia na ufafanuzi. Baadaye leseni mpya ya Unix ilikataza msimbo usifundishwe darasani, na kitabu hicho kikawa kinapita mkono kwa mkono kwa nakala za fotokopi, nakala ya nakala, hadi kilipochapishwa kwa idhini mwaka 1996. Mabingwa wa kizazi kile hukiri wenyewe kwamba walijifunza kazi kwa kusoma msimbo wa waundaji wa Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie. Waliyoyatafuta kwa siri, sisi tumewekewa mlangoni, na bado twawaambia watoto wasifungue.

Lakini hoja inayonigusa zaidi si ya Australia wala ya Lamu; ni ya zahanati na hospitali zetu. Mwaka 2004 madaktari na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Indiana, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walianza kuunda mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, kwa ajili hasa ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na mwaka 2006 ukaanza kutumika huko Eldoret. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na msimbo wake wote uko wazi. Kutokana nao ikazaliwa KenyaEMR, ambayo Wizara ya Afya imeieneza katika vituo vingi nchini, nayo pia msimbo wake uko wazi. Kaunti za Homa Bay na Migori zimebeba mzigo mzito wa maradhi hayo kupita sehemu nyingi za Kenya, na hakuna mahali ambapo kumbukumbu sahihi ya dawa na tarehe ya kurudi ina thamani kuliko huku, ambako mvuvi huhama kutoka ufuo hadi ufuo kumfuata samaki. Basi iweje vijana wetu, waliozaliwa katika kaunti hizi, wauone mfumo wa namna hiyo kwenye kioo cha karani na wasijue kwamba maandishi yake wanaweza kuyateremsha usiku huu, kuyajenga kesho, na keshokutwa kutafuta kwa nini ripoti ya mwezi inachelewa? Fundi huagizwa kutoka mbali, na kituo husubiri. Mtu wa kuutengeneza mfumo ule hatapatikana kwa mazoezi ya kikokotoo. Atapatikana miongoni mwa wale waliokwisha kuvunja na kujenga msimbo wa wengine mara hamsini, wakizoea harufu yake.

Lugha yetu nayo ilipata faida kwa njia hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Tafsiri peke yake, hata ingekuwa fasaha kiasi gani, haiingii katika programu mpaka mtu auchukue msimbo wa watu wa mbali na kuujenga pamoja na maneno yetu ndani yake.

Wasemao kwamba msimbo wa mgeni waweza kuwa na sumu wamesema kweli, na mfano mkubwa tuliuona mwaka 2024, ilipogunduliwa kwamba katika programu ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils palifichwa mlango wa siri. Ila wapime kisa hicho hadi mwisho. Sumu ilifichwa katika hatua ya ujenzi yenyewe: furushi lililogawiwa watu lilikuwa na maagizo ambayo hayakuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi. Aliyeigundua, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia katika mashine kwa mbali kunachelewa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi chanzo. Mtu asiyepata kujenga programu kwa mkono wake asingejua hata pa kuanzia kutazama. Mwanagenzi na afundishwe kuchukua msimbo kwa mwenyewe halali, kuujenga katika akaunti isiyo na mamlaka juu ya mashine nzima, na kusoma maagizo kabla ya kuyatii. Tahadhari hizo ni sehemu ya taalimu, wala hazifai kugeuzwa kuwa kizuizi chake.

Juu ya umaskini wa vyombo nitasema machache. Ni kweli kwamba bando ni ghali na umeme hukatika. Lakini furushi la msimbo wa programu ndogo si zito kuliko picha chache za simu, laweza kubebwa katika flashi kutoka Migori mjini, likajengwa mahali pasipo mtandao kabisa, na kompyuta iliyotupwa na ofisi kwa uzee hutosha kabisa. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni, nami niliufurahia uamuzi huo. Ombi langu ni kwamba walimu wa Nyatike, Suba na Mbita wasingoje vifaa vipya vije kwa lori. Ikifika Aprili 1, mashua za omena zikishaegeshwa, na wachukue kompyuta moja, waweke ndani yake kompaila na furushi moja la msimbo wa mtu wasiyemjua, wawakalishe mbele yake vijana watatu, na mwalimu akae nyuma yao akiwa amefumba mdomo, mpaka kosa la kwanza litokee na mmoja wao aanze kulisoma kwa sauti.